Mwenye Kidonda Hagusanishi Kikuku

Kikuku hupata joto kabla mtu hajakunja ngumi. Hilo ndilo somo la kwanza pale chuo cha utulizaji, Iringa, na Mama Ludovika Kihwele alikuwa amelifundisha miaka mingi kiasi kwamba angeweza kulisema huku akichambua mchele. Lakini Jumatatu ile, wiki iliyofuata mazishi ya kaka yake, maneno yalimtoka mdomoni kama nguo ya kuazima.

Darasani walikuwa wakiigiza ugomvi wa foleni. Tumsifu, kijana mnene mcheshi wa Njombe, alijifanya mtu aliyerukwa zamu kwenye kituo cha kuchajia pikipiki. Yusta alikuwa mtulizaji. Tumsifu aliigiza vizuri mno. Alipiga meza, akatukana ukoo mzima wa mwenye kituo, wenzake wakacheka. Kikuku cha Yusta hakikucheka. Kile kipete cheupe cha mkononi husikiliza sauti, pumzi na moto wa damu wa kila aliye karibu, nacho hakijui maigizo. Kikaanza kumpasha ngozi. Yusta akaingiwa na hofu, akamsimamia Tumsifu mbele, mikono kiunoni, akamwamuru atulie.

Mama Ludovika akamshika bega, akamsogeza taratibu mpaka akawa ubavuni mwa Tumsifu, wote wawili wakitazama upande mmoja.

"Usimsimamie mtu mwenye hasira kama mlango uliofungwa," alimwambia. "Ataupiga teke. Simama ubavuni, mtazame nyote wawili hicho kinachomuudhi. Halafu muulize jambo ambalo hawezi kulijibu kwa ndiyo wala hapana. Na umwachie ashinde kidogo. Mtu aliyeshinda kidogo ana njia ya kwenda nyumbani."

Yusta akamuuliza Tumsifu alikuwa amefika pale tangu saa ngapi, na alikuwa akienda wapi. Tumsifu, bila kutaka, akajikuta anaeleza habari za mgonjwa wa kubuni anayemsubiri hospitalini, na kikuku kikapoa. Darasa zima likakiona kinapoa, maana hubadilika rangi kikiwa baridi, likapiga makofi.

Tumsifu ndiye aliyeuliza, akiwa bado anahema. Akasema, mwalimu, na ikiwa anayetukanwa ni wewe mwenyewe? Si tusi la kituoni. Tusi la ndani, linalojua mahali unapoumia.

Mama Ludovika alijibu kama alivyojibu miaka yote. "Mwenye kidonda hagusanishi kikuku. Anakaa pembeni, anaita mwingine."

Waliinama wote kulitia akilini. Yeye akatazama kiti cha Salha, kilichokuwa kitupu, na akatamani mtu mmoja kati yao ainuke amwite mwongo.

*

Kaka yake, Desideri, alizikwa kijijini, nyuma ya nyumba yake mwenyewe, kando ya mahindi. Sheria ilitaka kila penye kundi la watu pawe na mtulizaji, iwe harusi, mnada au msiba, na kwa bahati zamu ile ilimwangukia Salha Mbaruku, mwanafunzi wa Mama Ludovika mwenyewe. Salha alikuwa binti wa Kigamboni, aliyelelewa kwenye maghorofa ambako msiba huisha kabla chai haijapoa. Alikuja amevaa kwa heshima, akasimama mbali na jeneza, na alipomwona mjane hana mto wa kuegemea, akakunja koti lake akamwekea mgongoni bila kusema neno.

Mama Ludovika hakuwa kazini. Lakini kikuku chake alikuwa nacho mkononi. Wakufunzi hawavui.

Watani walifika mchana. Wahehe na Wangoni ni watani tangu mababu walipochoka kupigana, na mtani ndiye mwenye kazi kubwa kwenye msiba: huchimba kaburi, hupika, hubeba, na katika hayo yote hutukana. Hutukana wafiwa, humtukana hata marehemu, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Siku hizi mjini ada hiyo imefifia, ila kule kijijini bado ilikuwa hai, na aliyeishika kwa mikono miwili alikuwa Mzee Gaudensi Ngonyani.

Gaudensi alitoka ndani amevaa koti la marehemu, ameligeuza ndani nje, na kofia yake, akatembea kama Desideri alivyotembea, mguu mmoja ukiburuta. Akaenda akakaa ukingoni mwa kaburi alilolichimba mwenyewe asubuhi, miguu ikining'inia. Akatangaza kwamba hicho ni kisima chake na Mhehe haingii humo mpaka yeye apewe jogoo.

"Na leo mbwa wote wa kijiji wamelala usingizi mnono," alisema. "Wamesikia Kihwele amekufa, wakaambiana, jamani, sasa tutazeeka."

Watu, waliojua jinsi Wahehe wanavyotaniwa kwa kula mbwa, walicheka mpaka wakashikana. Mjane, ambaye hakuwa ameweka kitu kinywani tangu kifo kitokee, alicheka pia, akafuta macho, na jirani akatumia nafasi hiyo kumpa uji. Akanywa. Mama Ludovika aliliona hilo. Alijua Gaudensi naye ameliona, na kwamba kichekesho kile kilikuwa kwa ajili ya uji ule.

Kisha mzee akainuka, akalinyanyua jembe juu ya kichwa, akamgeukia yeye.

"Na wewe Ludo, ingia humu. Ingia umsikilize huko chini, maana huku juu hukuwa na nafasi. Kaka mtu ameita Ludo, Ludo, mpaka ulimi umemkauka. Dada mtu yuko mjini anafundisha watu kusikiliza."

Watu wakacheka tena. Ndiyo ada yenyewe: mtani husema mbele ya wote lile ambalo kila mtu analinong'ona, ili lisibaki likioza. Likishasemwa na kuchekwa, limezikwa pamoja na maiti.

Lakini lilikuwa kweli. Ujumbe ulikuwa umemfikia, tena si mmoja. Kila mara alisema wiki ijayo, nikimaliza mitihani ya wanafunzi. Aliyemwogesha Desideri katika siku zake za mwisho, aliyemgeuza kitandani asichubuke mgongo, aliyemlisha kwa kijiko akimtukana kwa upole kila tonge, alikuwa huyuhuyu Gaudensi.

Salha aliona mzee ameinua jembe juu ya mwanamke. Kikuku chake kikawaka. Nyuki akaamka kwenye mfuko wa kiunoni. Ni mashine ndogo, ukubwa wa nyuki kweli, inayobeba tone la ganzi, akimchoma mtu miguu inalegea papo hapo. Lakini nyuki hatoki kwa kikuku kimoja. Kikuku kinajua moto, hakijui undugu. Kwa hiyo sheria ilitaka vikuku viwili viguse, mkono wa mtu na mkono wa mtu mwingine, ili awepo anayejua kile ambacho mashine haikijui.

Salha alimsogelea mwalimu wake haraka, akanyoosha mkono.

"Mwalimu?"

Ndilo neno pekee alilosema, nalo lilikuwa swali. Mama Ludovika alikuwa na jibu. Ni mtani, mwanangu, rudi nyuma. Jibu fupi kuliko salamu. Alimtazama Gaudensi usoni, akaona ule uso unaotabasamu kwa jicho moja, akasikia kicheko cha watu kikizunguka jina lake, na akanyoosha mkono, akagusa.

Baadaye alijaribu kujiambia kwamba mkono ulikwenda wenyewe. Mikono haiendi yenyewe.

Nyuki alitoka. Miguu ya Gaudensi ilikatika kama ya ndama aliyezaliwa, jembe likamtangulia, naye akaanguka nyuma, nyonga ikagonga ukingo, akatumbukia kaburini. Sauti ya mfupa ilisikika kwa kila mtu.

Hakuna aliyelia. Ndicho kilichomtisha zaidi. Watani walimtoa mzee kwa kamba zilizoandaliwa kwa jeneza. Wakamvua koti la marehemu, wakaligeuza upande wake wa kawaida, wakalikunja, wakamkabidhi mjane kwa mikono miwili. Wakasema poleni sana, Mungu awape nguvu. Wakaweka majembe chini na kuondoka na mgonjwa wao. Wafiwa wakabaki kujizikia wenyewe, jambo lisilofanyika, wakafukia vibaya, udongo ukakaa upande.

*

Mkurugenzi Kaijage alimwita ofisini Jumanne, siku ya pili ya somo lile. Alikuwa mtu mwema. Ndiye aliyetuma unga na sukari msibani, akaomba asitajwe. Alimvutia kiti karibu na dirisha, penye jua, kwa kuwa alijua magoti yake hayapendi baridi, kisha akamweleza mambo yalivyo.

Baraza la nidhamu litakaa Alhamisi. Kwa taarifa ilivyo, mwanafunzi aliomba kwa pupa, na mkufunzi akathibitisha kwa kumwamini mwanafunzi wake. Salha atapewa joto la msingi. Mama Ludovika aliinamisha kichwa. Wote wawili walijua maana yake. Mtu aliyetumia nyuki vibaya huandikishwa kwenye mtambo wenyewe, na tangu siku hiyo kila kikuku nchini, hata vile vya kawaida wanavyovaa raia, kikimkaribia hupata joto, hata akiwa amelala. Hapigwi wala hafungwi. Watu husogea tu.

Alimwambia Kaijage kwamba binti yule hakujua utani. Kaijage akasema ndiyo, na hiyo ndiyo nafuu: kosa la mgeni asiyejua ni kosa dogo kwa sheria. Halafu akacheza na kifuniko cha kalamu, na aliposema tena alisema polepole.

Wizarani, alisema, wapo wanaotaka kikuku cha pili kiondolewe. Wanataka mashine iamue peke yake. Wanasema ni haraka zaidi, na haina ndugu. Yeye amelishikilia hilo la watu wawili kwa meno miaka yote. Sasa, endapo baraza litasikia kwamba mtu aliyejua kila kitu, mkufunzi mkuu, aligusanisha kikuku kwa uchungu wake mwenyewe, hao watapata walichokuwa wanakitafuta. Watasema, mnaona, uozo ni mtu. Na siku ambayo nyuki watatoka bila kuuliza mtu, ni watani wangapi wataanguka? Ni walevi wangapi wanaoimba, mama wangapi wanaowagombeza watoto?

"Sijakuuliza kitu, mama," alisema Kaijage. "Na nakuomba usiniambie."

Mama Ludovika alitoka pale na sababu nzuri mfukoni. Ilikuwa sababu nzuri kweli, haikuwa ya kujificha tu. Ukiigeuza upande wowote ilikuwa nzuri. Msichana mmoja abebe joto, wengi wasianguke. Angekuwa anaamua ugomvi wa watu wengine, pengine angesema hivyohivyo. Lakini kila alipoiegemea sababu ile, aliisikia sauti ya mfupa.

*

Salha alimfuata nyumbani jioni ya Jumatano, jua likiwa bado juu ya mawe ya mlimani. Mama Ludovika alipofungua mlango alifikiri amekuja kumlaumu, na kifua chake kikapumua, kwa maana lawama angeipokea kama maji.

Salha alikuwa ameleta kitenge. Kilikuwa cha Mama Ludovika, alichokiacha kaburini siku ile katika kukimbizana, na kilikuwa kimetapakaa udongo. Salha alikuwa amekiokota, akakifua, akakipiga pasi. Pindo lililochanika alikuwa amelishona kwa mkono, mishono midogo ya mtu asiyezoea, mingine ikipanda mingine ikishuka.

"Shikamoo, mwalimu. Doa moja limegoma," alisema. "Nimejaribu na limau."

Akaingia, akakaa ukingoni mwa kiti. Akaomba radhi. Alisema amekuwa akiwauliza wenzake habari za utani, na sasa anaelewa, na hajui vipi amwombe radhi yule mzee, na zaidi ya yote anaona aibu kwamba alimtia mwalimu wake katika jambo lile siku ya msiba wake. Wewe ulikuwa unamlilia kaka yako, alisema, na mimi nikakunyooshea mkono. Ulinigusa kwa kuniamini.

Mama Ludovika aliinuka. Akaenda jikoni kuchemsha maji, akasimama mbele ya birika, akilisikiliza.

Aliporudi, Salha alikuwa anatazama picha ya wajukuu ukutani, wamevaa sare za shule, na vikuku vyao vidogo vya rangi mkononi, vile wanavyovaa watoto wasije wakapotelea kwa mtu mbaya. Alikuwa amejipanga vizuri, alisema. Alikuwa ameanza kufanya mazoezi ya kutembea pembeni mwa njia. Mama yake anauza samaki sokoni, na kule atakuwa haendi tena, wateja watakimbia. Watakuwa wanaonana nyumbani. Hilo lilikuwa sawa. Kulikuwa na jambo moja tu alitaka kuuliza, kwa kuwa mwalimu ameona watu wengi wa aina hiyo.

"Watoto wadogo nao watanikimbia? Au wao hawajali?"

Mama Ludovika aliweka birika chini. Alikumbuka mtu mmoja mwenye joto la msingi aliyemwona zamani kituo cha basi, na watoto wa shule waliovuka barabara wote kwa pamoja, kama ndege wanavyogeuka.

"Wanakimbia," alisema.

Salha aliitikia kwa kichwa, akashukuru kuambiwa ukweli. Akainuka, akavichukua vikombe akaviosha, ijapokuwa chai haikuwa imenywewa, na kabla ya kuondoka alimuuliza kama atahitaji mtu wa kumshika mkono kesho kwenye ngazi za baraza, maana ni nyingi na zina utelezi.

*

Kesho yake alipanda ngazi hizo akiwa ameshikwa mkono na Salha, na hakuna tendo alilowahi kulifanya maishani lililokuwa zito hivyo.

Baraza lilikuwa la watu wachache nyuma ya meza ndefu, na mwenyekiti alikuwa mwanamke mtaratibu mwenye miwani, ambaye alianza kwa kumpa Mama Ludovika pole za msiba. Wakamsomea taarifa. Wakamuuliza kama anathibitisha kwamba aligusa kwa kumwamini mwanafunzi. Kaijage, kwenye benchi la ukutani, alitazama viatu vyake.

"Hapana," alisema Mama Ludovika. "Nilijua ni mtani. Nilijua tangu alipotoka ndani na koti la kaka yangu. Mwanafunzi aliniuliza, kama sheria inavyotaka aulize. Mimi ndiye niliyejibu uongo, kwa mkono. Nikagusa kwa sababu alilosema yule mzee ni kweli."

Salha, pembeni yake, aliuachia mkono wake. Hakuuachia kwa hasira. Uliteleza tu, kama mtu anayesahau alichokuwa ameshika.

Mmoja wa wajumbe, kijana aliyetoka wizarani, aliinama mbele. Alikuwa na adabu. Akasema kwamba anamshukuru mama kwa ukweli wake, lakini mama amejibu swali kubwa kuliko lile aliloulizwa. Kikuku cha kwanza kilikosea kwa kutojua. Cha pili, kilichowekwa kurekebisha, kilikosea kwa kujua. Basi cha pili kina kazi gani? Kwa nini nchi iendelee kumngoja mtu?

Kaijage alifumba macho.

Usiku kucha Mama Ludovika alikuwa amelitafuta jibu la swali hilo, kwa kuwa alijua litakuja, na hakulipata lililo zuri. Akatoa alilokuwa nalo.

"Mashine isingefika hapa," alisema. "Ingemwangusha mzee yuleyule, na leo mngekuwa mnakikagua kipete. Msingekuwa na mtu wa kumuuliza kwa nini. Mimi nilikosea, na mmeniita, na nimekuja. Sina jingine."

Kijana wa wizarani aliandika kitu. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Walitoka, wakarudi. Salha alifutiwa lawama, aendelee na masomo. Joto la msingi likahamia kwa Mama Ludovika Kihwele, na hatafundisha tena. Kuhusu kikuku cha pili, walisema suala hilo litapelekwa mbele, lizungumzwe. Hawakusema litaamuliwa vipi, na uso wa Kaijage ulionyesha kwamba haoni matumaini. Hata hivyo, Mama Ludovika alipoinuka na kuyumba, ni Kaijage aliyemsogezea kiti kilichokuwa njiani asijikwae, bila kumtazama.

Ilianza mlangoni. Mlinzi wa pale, Semkiwa, alikuwa amemfungulia mlango ule miaka na miaka na kumuuliza habari za wajukuu. Leo alinyoosha mkono kushika kitasa, akashtuka, akakitazama kikuku chake, akarudi nyuma hatua moja. Kisha akaona haya. Akajilazimisha, akarudi, akaufungua mlango, jasho likimtoka.

"Pita, mama," alisema. "Pita tu."

Salha hakumfuata kwenye ngazi. Alisimama juu, mikono kifuani, akamwangalia akishuka peke yake kwenye utelezi. Mama Ludovika hakugeuka kumwomba. Alishika ukuta.

*

Mzee Gaudensi alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitali, amelala kwa binti yake, Oliva, huko Mafinga, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama misonobari. Oliva alikuwa muuguzi. Alipofungua mlango, kikuku chake kilimwonya juu ya aliyesimama pale hata kabla hajamtambua. Alibaki kizingitini, akipima. Kisha akakivua, akakiweka dirishani juu ya kitambaa.

"Nataka kukuona kwa macho yangu mwenyewe," alisema. "Karibu ndani, mama mdogo. Usimchoshe."

Tangu utotoni, Mama Ludovika hakuwa amewahi kuingia alipo Gaudensi bila kutukanwa. Watani hawaamkiani kwa shikamoo. Huanza na tusi, na ubora wa tusi ndio kipimo cha kukumbukana. Njia nzima alikuwa amejiandaa kwa lile litakalokuja. Aliomba liwe kubwa, aliomba limpasue.

Gaudensi alikuwa ameegemezwa kwenye mito, amenyolewa ndevu, mdogo kuliko alivyomkumbuka. Alipomwona alijaribu kujiinua.

"Karibu, Mama Kihwele. Shikamoo. Oliva, mletee mama kiti kile kizuri. Poleni na msiba. Watoto hawajambo?"

Alisimama pale katikati ya chumba. Mzee huyu alikuwa mkubwa wake kwa miaka mingi. Haikuwa haki mkubwa kumpa mdogo shikamoo. Akakaa kwenye kiti kizuri. Akajaribu mwenyewe, akamwambia, mla panya wewe, kumbe bado hujafa.

"Namshukuru Mungu, mama," alijibu Gaudensi. "Naendelea vizuri."

Ndipo akamwambia yote. Alimwambia kwamba alijua ni utani, kwamba aligusa kwa kusudi, kwamba amekwisha kulisema mbele ya baraza. Alisema hajaja kutafuta nafuu. Mzee alisikiliza bila kumkatiza, akisogeza kichwa kidogo kila alipotua, na mikono yake ilikuwa chini ya blanketi.

"Nilikuona," alisema mwishowe. "Yule binti aliliangalia jembe. Wewe uliniangalia usoni."

"Basi nitukane. Gaudensi, nakuomba. Nitukane mara moja tu."

Alifikiri. Alionekana kweli anatafuta, kama mtu anayepapasa rafu alikozoea kuweka chumvi. Mama Ludovika aliona midomo yake ikianza jambo na kuliacha. Kisha aliona kitu kingine: kwamba tangu alipoingia, macho ya mzee hayakuwa usoni pake. Yalikuwa kwenye mkono wake yeye wa kulia, ule uliogusa, uliolala juu ya paja. Kila alipousogeza kurekebisha kitenge, blanketi lilitikisika.

Hakuwa na kinyongo. Angekuwa na kinyongo, angemtukana. Alikuwa anamwogopa.

"Siwezi, mama," alisema Gaudensi kwa upole mkubwa. "Sijui limekwenda wapi. Pengine litarudi. Unisamehe."

Aliyeomba msamaha alikuwa yeye. Oliva, mlangoni, aligeuka akatazama misonobari.

Mama Ludovika alitaka kumshika mkono. Ndicho angefanya kwa mgonjwa mwingine yeyote, ndicho alichokuwa na kiu nacho tangu siku ile. Hakumshika. Aliinuka taratibu, akimwambia kabla ya kila mwendo, sasa nasimama, sasa nachukua mtandio wangu, na mzee akaitikia kila mara, haya mama, sawa mama.

"Nenda salama," alisema. "Mungu akutangulie, Mama Kihwele."

Akaitikia amina. Akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, polepole, mikono yote miwili imefunuliwa mbele yake, ili mzee aione, asiogope.